Blaindi ndogo ni kiti cha hasara, ukali wake unaanza kwenye kutupa

Swali: Assalaam alaykum kaka. Mie niko Wete, tunacheza poka watu sita kwenye simu kwa zile chipsi za bure, na wikendi tunakaa barazani kwa karata za mkono. Blaindi 1 na 2, yani zile chipsi za lazima wanazotia wawili wa kushoto mwa dila (mgawaji) kabla ya kuona karata, ndogo 1 na kubwa 2, na kila mtu anaanza na 200. Viti vyote najiweza isipokuwa blaindi ndogo, hapo ndo naliwa. Nikaambiwa dawa yake ni kucheza kwa ukali, nikaanza kureizi, yani kupandisha dau, kila nikikaa hapo, sasa naliwa mara mbili. Juzi nilikuwa na K ya kopa na 9 ya pao, wa mwanzo kusema akareizi 6, mie nikarireizi 12 (nikapandisha juu ya yake), akakoli, yani akalipa zikawa sawa. Chini zikafunuliwa karata za wote, Q, 8, 4, nikabeti sawa na poti nzima, yani chipsi zote zilizokwishatiwa mezani, akakoli. Ikaja 2, nikaweka zote, kumbe ana A mbili. Kosa langu liko wapi, na ukali wenyewe mtu anajifunza vipi?

Waalaykumu salaam mdogo wangu. Nimecheka kidogo, si kwa kukudharau, ila hiyo K na 9 yako mie nshaicheza hivyo hivyo na nikaliwa hivyo hivyo, tena si mara moja. Ntaifika, lakini niache kwanza nianze na kiti chenyewe kwa sababu kosa lako halikuanza kwenye karata, limeanzia kwenye unavyokifikiria kile kiti.

Na kabla ya yote, nimefurahi kusikia ni chipsi za bure. Kamari ni kamari na mie simwambii mtu atie hela yake. Sie huku mjini tunachezea kete za bao na vifuniko vya soda, kete ni 1, kifuniko ni 5, usiku ukesha kete zinarudi kwenye mfuko wa mwenye bao na alieishiwa wa mwanzo ndo anakosha vikombe vya kahawa. Nimekosha vikombe vingi sana miye, na vingi katika hivyo vilitokana na blaindi ndogo.

Haya. Blaindi ndogo ni kiti cha hasara. Hili likubali moyoni kabisa, usilipinge. Si kwamba wewe hujui kucheza, kile kiti kila mtu anapoteza, hata mabingwa wa dunia ukiwafungulia madaftari yao utakuta blaindi mbili zote ziko kwenye hasara na faida yao inatoka viti vyengine, hasa kwa dila. Sababu ni kwamba umelazimishwa kutia kitu kabla hujaona karata, halafu baada ya zile tatu za mwanzo kushuka chini wewe ndo unasema mwanzo, na ikija ya nne unasema mwanzo, na ya tano unasema mwanzo. Wewe unacheza albastini bila shaka, basi unajua raha ya kuwa wa mwisho kutupa karata, umeona wote wametupa nini ndo na wewe unaamua ule au uwachie. Sasa blaindi ndogo ni kinyume cha raha hiyo, mkono mzima kila mtu anakuona wewe kabla wewe hujamuona yeye. Na juu ya hayo, aliekaa blaindi kubwa yuko nyuma yako bado hajasema, kwa hiyo hata ukidhani unapambana na mtu mmoja kumbe wako wawili.

Tufanye hesabu moja ndogo. Ukitupa kila karata unayopewa pale, kila ikikufikia zamu ya blaindi ndogo unapoteza kete 1. Mara mia unapoteza kete 100. Hicho ndo kipimo chako. Yani ukicheza mara mia ukapoteza kete 60, umeshinda, umeokoa 40. Mtu akikaa pale na nia ya kutoka na faida kila mara ndo anafanya mambo kama yako ya juzi, anapoteza 200 kwa mkono mmoja, na 200 hizo zilikuwa zinatosha kukalia kile kiti mara 200 akitupa tu bila kuangalia karata. Hebu lifikirie hilo, mkono mmoja umekula zamu mia mbili.

Kwa hiyo ukali wa blaindi ndogo si kucheza karata nyingi kwa nguvu. Ni kuondoa kitu cha katikati, yani ile tabia ya kukoli. Mtu amereizi, wewe uko blaindi ndogo, una mambo mawili tu, kurireizi au kutupa. Basi. Watu wengi wanasikia hilo neno kurireizi wanalishika, lile la kutupa wanaliacha, ndo ikawa kama yaliyokukuta wewe.

Utaniuliza mbona nisikoli, nshatia 1 tayari si itanipungukia bei. Ndo mtego wenyewe huo. Tuseme dila kareizi 5. Chini kuna 5 zake, 1 yako, 2 za blaindi kubwa, jumla 8. Wewe unaongeza 4 uwanie 8, yani inatakiwa ushinde mara 1 katika kila 3 ili usipate hasara, kwa maandishi inaonekana rahisi. Lakini hesabu hiyo inadhania kwamba ukishakoli mambo yameisha na mnafunua karata, na hayajaisha. Blaindi kubwa anaweza kureizi juu yenu nyote wawili na wewe ukatupa na zile 4 zikaenda. Au na yeye akakoli kwa bei chee mkawa watatu, karata yako iliyokuwa na nguvu ya kumshinda mmoja sasa inatakiwa iwashinde wawili. Na hata akitupa, unacheza raundi tatu mbele ya mtu ambae anakusubiri useme, na karata za wastani zikichezwa hivyo zinatupwa hapa na pale kabla ya kufika mwisho, hazipati ile haki yake yote. Kwenye meza zinazokata ada kila poti ndo mbaya zaidi, kwa sababu kile kidogo ulichotarajia kinaliwa na mwenye meza. Nyie hamkatwi kitu, kwa hiyo ntakulegezea kidogo, ukiwa na jozi ndogo kama 4 mbili au 5 mbili, na aliereizi kareizi kidogo tu, na blaindi kubwa ni mtu mpole hapendi vurugu, koli utafute ya tatu yake, itakuja kama mara 1 kwa 8 hivi kwenye zile tatu za mwanzo, isipokuja tupa bila huruma. Ila hiyo ni ruhusa ya mwenye udhuru, usiifanye ndo ibada yako.

Sasa kurireizi. Swali la kwanza si una karata gani, ni nani aliereizi. Mtu wa mwanzo kusema akireizi kwenye meza ya sita ana watu watano nyuma yake na bado kafungua mdomo, huyo ana kitu. Dila akireizi amebakiwa na nyie wawili tu mliolazimishwa kutia, huyo anaweza kuwa na chochote, nusu ya karata zake anataka kuwaibia tu. Mie kwa wa mwanzo narireizi na Q mbili, K mbili, A mbili, AK (A na K), pengine AQ ya rangi moja (zote kopa, au zote shupaza), na mara moja moja A5 ya rangi moja kwa sababu ntakayokwambia. Kwa dila naongeza sana, kuanzia jozi ya 9 au 10 kwenda juu, AJ ya rangi moja, AQ yoyote, KQ na KJ za rangi moja, QJ, J10, na zile A ndogo za rangi moja, A5 na A4. Haizidi karata kama 8 au 9 katika kila 100 unazopewa. Zilizobaki zote, hata zile zinazopendeza machoni kama K9 na A8 za rangi mbali mbali, natupa. Unaona? Zaidi ya 90 katika 100 zinakwenda taka dhidi ya dila, na huo ndo tunauita ukali.

Kwa nini A5 na si A9 wakati 9 ni kubwa? Hapa pana utamu. Ukiwa na A moja mkononi, namna za mwenzio kuwa na A mbili zinapungua kutoka 6 mpaka 3, na namna za kuwa na AK zinapungua kutoka 16 mpaka 12. Yani A yako imewazuia mlangoni wale unaowaogopa, kwa hiyo ukirireizi anakuwa na karata ya kukukolia mara chache zaidi. Halafu A5 ya rangi moja akikukolia bado ina pa kwenda, inaweza kuwa rangi tupu (karata tano zote za rangi moja) na A ndo kubwa yake, inaweza kuunga A-2-3-4-5. A9 ya rangi mbali mbali ikikutana na A nyengine, mara nyingi nyengine ni AK au AQ, umepata A chini unafurahi kumbe umetiwa kamba shingoni.

Swali la pili ni kiasi gani. Hapa ndo kosa lako kubwa la juzi na wala si K wala si 9. Yeye kareizi 6, wewe ukarireizi 12. Hebu kaa upande wake. Chini kuna 12 zako, 6 zake, 2 za blaindi kubwa, jumla 20, na yeye anatakiwa aongeze 6 tu. 6 kuwania 20, anahitaji kushinda chini ya mara 1 kwa 4, na yeye ndo anaesema mwisho mkono mzima. Hata angekuwa na 8-7 angekoli, wallahi hata mie ningekoli na kikombe mkononi. Ukiwa unasema mwanzo, rireizi yako iwe kama mara nne ya aliyoweka mwenzio. Kaweka 6 weka 24 au 25. Kaweka 5 weka 20 mpaka 22. Inaonekana nyingi lakini ndo kodi ya kile kiti, unamlipisha kwa raha yake ya kukaa nyuma yako. Ukiona mkono unakutetemeka kuweka 24 na karata uliyonayo basi ujue karata hiyo si ya kurireizi, irudishe.

Ntakusimulia mkono mmoja wa mwezi wa Ramadhani uliopita, baada ya tarawehe, tuko barazani Michenzani, watu sita na mzee mmoja ambae hachezi, anaangalia tu na kukohoa kila mtu akikosea, na kikohozi chake ni mwalimu kuliko simu zenu. Blaindi 1 na 2 kama zenu. Dila alikuwa jamaa mmoja fundi seremala, mtu wa kureizi kila akiwa dila, kareizi 5. Mie blaindi ndogo nimeshika A na 5 za shupaza. Nikaweka 22, vifuniko vinne na kete mbili. Blaindi kubwa katupa. Fundi kaangalia karata zake mara mbili, kakoli. Poti sasa ni 46, 22 zangu, 22 zake na 2 za aliekimbia. Chini zikaja K ya shupaza, 7 ya kopa, 2 ya pao.

Mie sina kitu. Lakini simama hapo, nani anaonekana kuwa na K zaidi? Mimi nilierireizi. AK, KQ, K mbili, A mbili zote ziko kwenye hadithi yangu. Yeye angekuwa na K mbili au A mbili au AK pengine angereizi tena asingekoli tu. Chini pakavu vile, hakuna cha kuunga, sihitaji kubeti kubwa, nikaweka 15 tu, thuluthi ya poti. Beti ya thuluthi inatakiwa ifanikiwe mara 1 tu kwa 4 na iko sawa, wala usiogope. Akakoli. Poti 76. Ikashuka 3 ya shupaza.

Sasa mambo yamebadilika. Nina shupaza nne, na nikipata 4 yoyote naunga kuanzia A mpaka 5. Shupaza zilizobaki ni 9, na 4 ambazo si shupaza ni 3, jumla karata 12 katika 46 nisizoziona zinanipa mkono mzito. Kama mara 1 kwa 4. Na K bado iko kwenye hadithi yangu. Nikaweka 50. Hapo 50 kuwania 76, akitupa mara 4 katika 10 mie siko kwenye hasara hata kama nikikoliwa sipati kitu abadan, na mie nikikoliwa bado nina ile 1 kwa 4 yangu mfukoni. Fundi akakaa kimya, akachukua kikombe, akanywa, akakuta kahawa imeisha, mzee akakohoa, wote tukacheka. Mwisho katupa, akafunua 10 mbili. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu toka mwanzo mpaka alipoutupa.

Usiniulize ningefanya nini kwenye ya tano angekoli na isije shupaza wala 4. Ningeangalia imekuja nini na ningeangalia uso wake, na aghlabu kwa fundi yule ningesimama hapo hapo nikubali, kwa sababu mtu aliekoli mara tatu na kahawa imemwishia si mtu wa kutupa tena.

Fananisha na wa kwako. Chini ziko Q, 8, 4. Wewe una K na 9, huna jozi, huna cha kuunga cha maana, huna rangi. Mwenzio kareizi wa mwanzo, kwenye karata zake ziko Q mbili, K mbili, A mbili, AQ, zote hizo zinacheka kwenye Q-8-4. Hadithi yako wewe ni ipi? Poti ilikuwa 26 ukabeti 26, beti ya poti nzima lazima ifanikiwe nusu ya mara zote, na wewe unampigia mtu mwenye karata nzito kuliko wote mezani. Kakoli, poti imekuwa 78, una 162, ukaweka zote 162 kuwania 78. Hapo anatakiwa atupe zaidi ya mara 2 kwa 3 ili usipate hasara, na nyuma yako hakuna mlango wa kutokea, ukipata K unaweza ukawa bado umeliwa na AK, na dhidi ya A mbili ndo kabisa. Ukali wangu wa Ramadhani na ukali wako wa juzi kwa mbali unafanana, watu wawili wanasukuma vifuniko. Tofauti ni nimemchagua nani, nimeweka ngapi mwanzo, na nikikoliwa nina pa kwenda au sina. Nyie wa Pemba mnajua mchezo wa ng'ombe kuliko sie, yule anaeingia uwanjani kumchezea ng'ombe haingii tu kwa sababu ana moyo, kabla hajaingia kashaangalia mti wa kupandia uko wapi.

Kuna hali ya pili na hii ni nyengine kabisa, watu wanaichanganya na ile ya mwanzo. Wote wametupa, mmebaki wewe na blaindi kubwa tu. Hapa sasa unafungua, unacheza karata nyingi, hata nusu ya unazopewa, na hapa ile sheria ya kutokukoli inavunjika. Ukireizi 6 unaongeza 5 kuwania 3, inabidi atupe zaidi ya mara 6 kwa 10 ili wizi ulipe wenyewe. Na yeye anaongeza 4 kuwania 8, bei yake ni 1 kwa 3 na anakaa nyuma yako, mtu mwenye akili hatupi mara nyingi kiasi hicho. Kwa hiyo karata nzuri na zile za kuunganika reizi, na za wastani unaweza ukakamilisha tu ile 1 iliobaki. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon pamoja na Facebook kule Marekani walitengeneza programu inaitwa Pluribus, ikacheza mikono 10,000 na mabingwa watano watano kwenye meza ya sita ikawashinda, na moja katika mambo waliyoyaandika ni kwamba kuingia kwa kukoli tu bila kureizi haifai kiti chochote isipokuwa blaindi ndogo, kwa sababu aliekaa pale nusu ya bei keshalipa. Nilipoyasoma hayo nilifurahi kwa sababu kuna bwana mmoja pale barazani alikuwa kila siku ananicheka nikikamilisha. Ila usikamilishe na karata mbovu peke yake, atakujua kwa siku mbili na kila ukikamilisha atakureizi. Mara moja moja kamilisha na A mbili au AK, akireizi umrireizi, baada ya hapo utaona anakuwa na adabu.

Na mkibaki wawili tu kwenye mchezo mzima, dila ndo anakuwa blaindi ndogo, anasema mwanzo kabla ya karata za chini na mwisho baada yake, hapo kiti kinageuka kuwa kizuri, usilete sheria zangu hizi. Na ukiwa umebakiwa na kete 20 au 25 tu, blaindi 10 hivi, na wote wametupa, hayo mambo ya thuluthi na robo yasahau, ni kuweka zote au kutupa.

Jambo moja linaloharibu kila nilichosema ni watu. Kwenye chipsi za bure watu hawatupi. Mtu amepewa chipsi elfu asubuhi na kesho atapewa nyengine, atupe kwa sababu gani? Kwa mtu wa hivyo A5 yangu ile haina kazi, unamtisha mtu asietishika. Dhidi yao ondoa zile karata za kutisha zote, baki na nzito, AQ, AK, 10 mbili kwenda juu, na badala ya 22 weka 26 au 30, maana watakoli vile vile. Ukali wa kwenye simu ni kumlipisha, wa barazani ni kumtupisha, kwa sababu barazani mtu anaona haya kukosha vikombe. Nadhani nusu ya hasara yako imetoka hapo, umejifunza ukali kwa simu halafu ukaupeleka kwa watu, au kinyume chake.

Umeniuliza unajifunzwa vipi. Mie nilijifunza melini. Nilifanya kazi kwenye meli ya watalii miaka minne, usiku baada ya zamu wafanyakazi tunakaa kantini ya chini kabisa kule injini inapovuma, na Mfilipino mmoja wa jikoni ndo aliekuwa ananichuna. Alinihurumia mwisho, akanipa daftari la oda za jikoni, akanambia andika mikono ya blaindi ndogo tu, mengine acha. Mwezi mzima. Nani kareizi, kiasi gani, ulikuwa na nini, ulifanya nini, kete ngapi zimekwenda au zimerudi. Nilipojumlisha nikakuta nilizokoli ndo zilizonimaliza, si zile nilizopigwa kwa kishindo. Zile za kishindo mtu anazikumbuka, za 4 na 4 na 6 hazikumbukwi na ndo nyingi. Fanya hivyo hivyo.

La pili, kaa na mwenzio mmoja unaemuamini, tandikeni mkeka, karata wazi. Yeye dila karejea reizi ya 5 kila mara, wewe blaindi ndogo, gawa karata yako moja moja mikono 20, na kila mkono useme kwa sauti kabla hujatia kitu, natupa, au narireizi kwa sababu akikoli nitakuwa na hiki. Ukishindwa kumaliza ile sentensi ya "akikoli" tupa. Mara ya kwanza utajikuta unatupa 18 kati ya 20 na utaona uvivu, ndo zoezi lenyewe hilo.

Halafu ukija mjini pita Michenzani, njoo na hao wenzio, mzee wa kukohoa bado yupo. Na najua utauliza, K9 ile ile lakini dila ndo kareizi 5, nifanyeje? Natupa. Na zikiwa zote shupaza? Hapo narireizi 20 kama dila ni fundi wetu, kama ni mtu mwengine bado natupa.